Busta ya mkononi na gari lililoisha chaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Busta ya mkononi ni kile kiboksi chenye vibanio viwili, chekundu na cheusi, kinachowasha gari lililoishiwa chaji bila kuhitaji gari la pili. Wengi hufika kwenye ukurasa huu wakiwa wamekwama tayari, kwa hiyo maswali ya haraka yako juu na ya kununua na kutunza yako chini. La kushika mapema ni hili: busta inawasha gari, haitibu betri. Anayesahau hilo atakuwa anaitoa kwenye buti kila asubuhi.

Nimekwama sasa hivi. Nifungeje?

Zima kila kitu kwanza: taa, redio, feni, kiyoyozi. Gia iwe P au nyutro, hendibreki juu, swichi imezimwa. Tazama busta yenyewe ina chaji kiasi gani. Ikiwa chini ya nusu, usishangae ikishindwa.

Tafuta upande chanya wa betri. Una alama ya +, mara nyingi una kifuniko chekundu, na kichwa chake ni kinene kidogo kuliko cha hasi. Usiamini rangi ya waya peke yake, maana waya hubadilishwa na fundi hutumia aliyonayo siku hiyo. Amini alama iliyochongwa kwenye ganda la betri. Bana kibanio chekundu hapo. Kisha bana cheusi kwenye chuma kitupu cha injini au cha bodi, mbali kidogo na betri: boliti isiyopakwa rangi, ndoano ya kunyanyulia injini, au kile kichwa cha chuma ambacho magari mengine huwekewa makusudi kwa kazi hiyo.

Hapa ndipo watu wengi hukosea bila kujua. Kibanio kinaweza kuonekana kimeshika vizuri kumbe meno yake yameuma ukoko mweupe au wa kijani uliojaa juu ya terminali (kichwa cha betri), au upande mmoja umeuma chuma na mwingine plastiki. Kitikise kibanio, kizungushe nusu mzunguko kulia na kushoto mpaka meno yakwaruze na uone chuma kinang'aa. Mikwaruzo hiyo miwili mitatu mara nyingi ndiyo tofauti kati ya stata inayolia "tak" na injini inayowaka.

Mwisho washa busta, subiri taa ya kijani, piga stata. Kwenye busta ambazo kebo ya vibanio huchomekwa kwa plagi, watengenezaji wanatofautiana kama plagi itangulie au vibanio vitangulie, kwa hiyo fuata kitabu chake.

Kwa nini kibanio cheusi kisifungwe moja kwa moja kwenye hasi ya betri?

Betri ya risasi na asidi inapochajiwa hutoa haidrojeni, na gesi hiyo inaweza kulipuka ikifikia asilimia 4 tu ya hewa iliyopo. Kibanio cha mwisho kufungwa na cha kwanza kufunguliwa ndicho kinachoweza kutoa cheche. Ukikiweka mbali na betri, cheche nayo inatokea mbali na gesi.

Sababu ya pili ni ya magari ya siku hizi. Mengi yana kisensa kidogo kwenye terminali ya hasi kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka. Ukibana juu ya kichwa cha betri chenyewe, umeme unapita bila kuhesabiwa, na kompyuta inabaki na hesabu isiyo sahihi ya chaji.

Hata hivyo, vitabu vya baadhi ya busta za lithiamu vinaruhusu hasi kwa hasi, kwa kuwa vibanio vyake havina umeme mpaka saketi ithibitishe kwamba vimefungwa sawasawa. Kama huna chuma kizuri cha kubana na kitabu kinaruhusu, fanya hivyo. Kubana kwenye boliti yenye kutu kwa sababu tu umesikia kwamba bodi ndiyo sahihi hakusaidii kitu.

Nipige stata kwa muda gani?

Sekunde 3 hadi 5, basi. Isipowaka, achia, subiri angalau nusu dakika, jaribu tena. Stata ni mota iliyotengenezwa kwa kazi ya sekunde chache; ukiibana sekunde 15 mfululizo inapata joto la kuunguza koili zake, na busta yenyewe inajikata kwa kujilinda. Ukifika jaribio la nne au la tano bila dalili yoyote ya kuwaka, acha kupiga stata na anza kutafuta sababu.

Gari limewaka. Niache vibanio kidogo ili betri ijae?

Hapana, vitoe. Cheusi kwanza, chekundu baadaye, ndani ya nusu dakika hivi.

Sababu yake inafaa kujulikana. Injini ikishawaka, alteneta, yaani jenereta ya gari inayochaji betri, inasukuma volti 13.8 hadi 14.7. Busta nyingi za lithiamu zina seli tatu zilizopangwa mfululizo, na zikijaa kabisa huwa na volti 12.6 tu. Umeme hutoka penye volti nyingi kwenda penye volti chache, kwa hiyo alteneta sasa inataka kuichaji busta, tena bila kipimo. Busta nzuri ina kinga ya kuzuia umeme kurudi nyuma. Ya bei ya kutupa inaweza kuwa nayo kwenye maandishi ya boksi tu. Lithiamu iliyojazwa kupita kiasi huvimba, na ikizidi hushika moto.

Usiviache vibanio vikining'inia wala vigusane. Virudishe kwenye boksi hapo hapo.

Nimefunga vizuri lakini busta inawasha taa nyekundu, au haitoi umeme kabisa.

Taa nyekundu inayoambatana na mlio mara nyingi maana yake umegeuza chanya na hasi. Fungua, tazama alama, anza upya. Kama busta yako haina kinga hiyo na ukageuza, utaona cheche kubwa, na kinachofuata huwa ni fyuzi kuu iliyoungua au dayodi za alteneta.

Busta ikiwa kimya kabisa, mara nyingi betri ya gari imeshuka mno. Vibanio vyenye akili hutafuta volti kidogo upande wa betri ili vijue kwamba kweli vimefungwa kwenye kitu. Betri ikiwa chini ya volti 2 au 3, vinaona kama viko hewani na vinakataa kufungulia umeme.

Kwa hali hiyo busta nyingi zina kitufe cha kulazimisha, ambacho hubonyezwa na kushikiliwa sekunde kadhaa. Kinafanya kazi, lakini elewa unachobonyeza: kwa kawaida kitufe hicho huzima kinga ya kugeuza chanya na hasi na ile ya shoti. Kuanzia sekunde hiyo vibanio ni nyaya tupu zenye umeme. Hakiki alama mara mbili kabla hujakigusa, na usivigusanishe vibanio hata kwa bahati mbaya.

Nitajuaje kama tatizo ni betri kweli?

Sikiliza, halafu tazama taa.

Ukipiga stata ikatoa milio ya haraka "tk-tk-tk-tk", na taa za dashibodi zikafifia kwa kufuatana nayo, hiyo ni betri isiyo na nguvu au terminali iliyolegea. Mlio mmoja mzito halafu kimya, huku taa zikibaki na mwanga wake, ni dalili ya stata yenyewe. Injini ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida lakini haiwaki, betri haina kosa. Hapo unazungumzia mafuta, plagi, au mfumo wa kuzuia wizi ambao haujautambua ufunguo. Busta haitasaidia hata ukiifunga siku nzima. Na kukiwa na kimya kabisa bila taa hata moja, anza na terminali kabla ya kufikiria kitu kingine.

Jaribio rahisi: washa taa kubwa, mtu asimame mbele ya gari, wewe upige stata. Taa zikikaribia kuzimika, umeme hautoshi. Zikibaki vilevile na stata haizunguki, umeme upo ila haufiki kwenye stata.

Mwenye mita ya umeme ana jibu bora zaidi. Betri ya volti 12 iliyopumzika saa kadhaa na kujaa husoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikisoma 11.9 imekwisha, hata kama redio bado inaimba. Kisha mtu apige stata huku wewe unaangalia mita: kushuka hadi 10 na kitu ni kawaida, lakini betri iliyosoma 12.5 halafu ikaporomoka hadi 8 mara stata inapoanza kuvuta ina volti bila nguvu, na hiyo ni ya kubadilishwa. Usomaji wa betri iliyopumzika peke yake umewadanganya wengi.

Kidude kidogo hivi kinawezaje kuzungusha injini?

Kwa sababu kuwasha gari hakuhitaji nishati nyingi; kunahitaji nishati kidogo itolewe kwa pupa. Stata ya gari dogo la petroli huvuta kama ampea 150 injini ikishaanza kuzunguka. Chukua volti 10 kwa sekunde 3, unapata takribani wati-saa 1.25. Simu ya kawaida ina zaidi ya mara kumi ya kiasi hicho ndani yake. Simu haiwezi kuwasha gari kwa kuwa seli zake hazikuundwa kumwaga umeme kwa kasi hiyo. Seli za busta ziliundwa hivyo, na kebo zake nene na fupi zipo kwa sababu hiyohiyo: kila sentimita ya ziada ya waya inapoteza volti.

Boksi limeandikwa ampea 2000, jingine 4000. Nichukue lenye nyingi?

Namba hiyo kubwa ndiyo ya mwisho kuangaliwa. Ni kilele, kitu kinachopimwa kwa kitambo kifupi mno, na kila mtengenezaji anakipima anavyotaka. Fanya hesabu mwenyewe: ili volti 12 zitoe ampea 2000, ukinzani wote wa njia nzima, yaani seli, kebo, vibanio, bodi na stata, usizidi ohmu 0.006. Zile kebo nyembamba za rangi unazoziona zikitoka kwenye boksi la ukubwa wa pochi haziwezi kufika hapo.

Linganisha na kipimo cha betri za gari cha kuwasha kwenye baridi. Chenyewe kina masharti: betri inapoozwa hadi nyuzi −18 za Selsiasi, inatoa ampea zilizoandikwa kwa sekunde 30 nzima, na volti zake hazishuki chini ya 7.2. Ndiyo maana betri iliyoandikwa 500 inaiacha mbali busta iliyoandikwa 2000.

Tazama vitu vingine badala yake. Je, kuna ampea za kuwashia zilizotajwa kando na zile za kilele? Je, kitabu kinataja ukubwa wa injini kwa lita, petroli na dizeli kila moja peke yake? Je, wati-saa zimeandikwa? Shika kibanio mkononi: kama taya moja tu ndiyo imeungwa na kebo na nyingine ni bati la mapambo, hiyo inabana nusu nusu. Kebo iwe nene, na spring ya kibanio iwe ngumu kiasi cha kukusumbua vidole. Mtengenezaji aliyeficha haya yote akabaki na namba moja kubwa ya rangi ya machungwa, mwache na namba yake.

Na hizo miliampea-saa (mAh) zinazoandikwa kwenye boksi?

Karibu kila mara zinahesabiwa kwa volti za seli moja, yaani 3.7. Kwa hiyo 20,000 ni wati-saa 74, na 10,000 ni wati-saa 37. Zinakuambia utawasha mara ngapi na utachaji simu mara ngapi. Hazikuambii kama itaiweza injini yako.

Kuna aina ngapi, na ipi inanifaa?

Tatu ndizo utakazokutana nazo.

Ya lithiamu ndiyo iliyoenea: nyepesi, inakaa kwenye kisanduku cha dashibodi, inachaji simu, ina tochi. Ndani ya jamii hii kuna zenye seli tatu za lithiamu ya kawaida na zenye seli nne za lithiamu-chuma-fosfeti. Hizi za pili ni nzito kidogo lakini zinavumilia joto zaidi na haziwaki moto kwa urahisi. Ukipata ya aina hiyo kwa tofauti ndogo ya bei, ichukue.

Ya risasi ni lile boksi zito lenye mkono wa kubebea, ndani yake betri ndogo ya risasi. Gereji wanaipenda kwa sababu inapiga stata nyingi kwa siku bila kulalamika. Kwa mtu wa kawaida tatizo lake ni kwamba ikiachwa miezi bila kuchajiwa inaharibika yenyewe, na siku ya kuitafuta unakuta boksi la kilo kadhaa lisilo na kazi.

Ya kapasita haina betri ndani. Unaifunga kwenye hiyo hiyo betri yako dhaifu, inanyonya mabaki ya umeme kwa dakika chache, inayakusanya, kisha inayatoa yote kwa mkupuo. Watu huiona kama mazingaombwe, lakini ni ile hesabu ya juu: betri iliyoshindwa kutoa ampea 150 bado inaweza kutoa 10 kwa utulivu. Haijali joto, na inaweza kukaa kwenye buti mwaka mzima bila chaji ikawa tayari. Udhaifu wake ni betri iliyokufa kabisa. Hapo inabidi uichaji kwa soketi ya gari jingine au kwa pawabenki, na ukikosa vyote umekwama. Kwa mtu anayejijua kwamba hatakumbuka kuchaji kitu chochote, mimi ningemshauri hii.

Gari langu ni la dizeli.

Chukua kubwa zaidi. Dizeli huwaka kwa mgandamizo, kwa hiyo stata inasukuma injini ngumu zaidi na huvuta ampea 300 na kuendelea. Kabla ya hapo hita plagi, zile zinazopasha joto ndani ya injini ili iwake, nazo zimeshakula umeme wake. Washa swichi, subiri taa ya hita izimike, ndipo upige stata. Busta inayotaja lita za petroli tu bila kutaja dizeli imekwisha kukujibu.

Lori au basi la volti 24?

Busta ya volti 12 haifai. Magari hayo yana betri mbili za 12 zilizounganishwa mfululizo, na kuifunga busta kwenye moja yao huku ukipiga stata ya volti 24 ni kujitafutia hasara. Zipo busta zenye swichi ya 12 na 24. Hakikisha swichi iko mahali pake kabla ya kufunga. Volti 24 kwenye gari dogo zitaunguza vitu vya elektroniki kabla hujainua mkono.

Pikipiki?

Inafaa, mradi ni ya volti 12. Za zamani nyingine ni volti 6. Shida ni nafasi: terminali zimefichwa chini ya kiti na vibanio vya gari ni vikubwa, kwa hiyo angalia visigusane wala visiguse fremu.

Haibridi na gari la umeme?

Nayo yana betri ndogo ya volti 12, na ikifa gari zima linakuwa kama sanamu hata kama betri kubwa imejaa. Betri hiyo ndogo ndiyo inayoamsha kompyuta na kufunga swichi kubwa za umeme mkali. Hakuna stata ya kuzungusha katika mengi ya magari haya, kwa hiyo hata busta ndogo inatosha: unafunga, gari linaamka, unabonyeza kitufe cha kuwasha, unatoa.

Usiguse nyaya za rangi ya machungwa. Hizo ndizo za umeme mkali. Na usitumie gari la namna hii kulibusti jingine kabla ya kusoma kitabu chake, kwani mengi yamekatazwa.

Nimefungua boneti, sioni betri.

Inaweza kuwa kwenye buti, chini ya kiti, au nyuma ya tairi la mbele. Magari hayo kwa kawaida huwa na kichwa cha chanya chini ya boneti, chenye kifuniko chekundu na alama ya +, na kichwa cha hasi karibu yake. Tumia hivyo. Kama betri iko kwenye buti linalofunguka kwa umeme pekee, tafuta ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti.

Busta inaweza kuharibu kompyuta ya gari?

Ikifungwa sawasawa, hapana. Volti zake hazizidi zile ambazo gari hupata kila siku kutoka kwenye alteneta. Kinachoharibu ni kugeuza chanya na hasi, kutumia 24 badala ya 12, na kuvuta terminali za betri injini ikiwa inaunguruma.

Hilo la mwisho linastahili neno. Baadhi ya watu, betri ikiwa imekufa kabisa, huifungua na kuwasha gari kwa busta tupu, halafu huichomoa na kuendesha bila betri. Betri ndiyo inayomeza mishtuko ya umeme wa alteneta. Ikiondoka, volti zinaruka juu ghafla, na vinavyoungua ni vitu vya bei kubwa kuliko betri mpya.

Ni lini nisijaribu kabisa?

Betri ikiwa imepasuka, imevimba, inavuja, inatoa moshi au inanuka kama mayai viza. Pia ikiwa imeganda: betri iliyoisha chaji ina maji mengi kuliko asidi, kwa hiyo huganda baridi ikifika nyuzi chache tu chini ya sifuri, ilhali iliyojaa hustahimili baridi kali zaidi mara nyingi. Kuipitishia umeme ikiwa barafu ni hatari ya mlipuko.

Nimewaka. Niendeshe muda gani ili betri ijae?

Muda mrefu kuliko utakaoambiwa na wengi. Nusu saa inatosha kukurudishia uwezo wa kuwasha tena mara moja au mbili, haijazi betri. Betri ya ampea-saa 60 iliyokauka inahitaji saa nyingi, maana kadiri inavyojaa ndivyo inavyokataa kupokea kwa kasi. Foleni ndiyo mbaya zaidi: injini iko chini, taa na kiyoyozi vinakula, alteneta inabakiwa na kidogo cha kuipa betri.

Njia sahihi ni chaja ya ukutani. Chaja ya ampea 5 itachukua saa 12 na zaidi, yaani usiku mzima. Betri inayoachwa nusu tupu siku nyingi hujenga fuwele ngumu za salfeti kwenye bamba zake, na uwezo unaopotea hapo haurudi. Zaidi ya hayo, kuitwisha alteneta kazi ya kuijaza betri iliyokufa ni kuichosha; kazi yake ni kutunza betri iliyo hai.

Nalibusti kila wiki. Nini kinaendelea?

Kuna mambo matatu, na yachunguze kwa mpangilio huu kwa sababu la kwanza halina gharama.

Terminali. Zifungue, hasi kwanza. Ukoko wenye ungaunga wa kijani au mweupe huoshwa kwa magadi soda yaliyokorogwa kwenye maji ya vuguvugu. Utaona povu likichemka asidi inapokufa. Usiache maji hayo yaingie ndani ya betri. Sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, funga chanya kwanza, kaza, paka grisi kidogo juu. Terminali unayoweza kuizungusha kwa mkono imelegea, hata kama gari linawaka leo.

Alteneta. Injini ikiwa inaunguruma, mita kwenye betri isome kati ya 13.8 na 14.7. Ikisoma 12 na kitu, betri haichajiwi, na kila kilomita unayoenda inaimaliza.

Kitu kinachokula umeme gari likiwa limezimwa. Gari lililolala likivuta miliampea 50 au pungufu, hilo ni la kawaida. Taa ya buti ya wati 5 iliyogoma kuzima huvuta karibu ampea 0.4, ambayo kwa siku moja ni ampea-saa 10. Iache siku nne tu na betri ya 60 haina la kusema. Kifaa cha kufuatilia gari na redio iliyofungwa kienyeji ni washukiwa wa kawaida. Fundi umeme huweka mita mfululizo na waya wa hasi, husubiri kompyuta zote zilale, kisha huchomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke.

Yote matatu yakiwa salama, ni betri yenyewe. Miaka 3 hadi 5 ndio umri wake, na kwenye joto ni wa chini zaidi.

Niiache kwenye gari au niiweke nyumbani?

Gari lililofungwa juani hupita nyuzi 60 kwenye dashibodi, na joto hilo linazizeesha seli za lithiamu haraka. Kama huna budi kuiacha, iweke chini ya kiti au kwenye buti, mahali jua halifiki. Kwenye baridi kali ilaze ndani ya nyumba, na usiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0; seli za lithiamu huharibika zikichajiwa katika hali hiyo.

Ichaji kila baada ya miezi mitatu hata kama hujaitumia, na mara tu baada ya kuitumia. Tabia ya kuimaliza kwa kuchaji simu safarini ndiyo inayowaacha watu barabarani na busta yenye taa moja.

Ikivimba hata kidogo, usiichaji tena na usiitoboe. Ipeleke panapopokelewa betri chakavu.

Waya za kubusti hazitoshi?

Zinatosha, tena ni rahisi na haziishiwi chaji. Zinachohitaji ni gari la pili, mwenye nalo awe tayari, na nafasi ya kulisogeza karibu. Mwenye gari la gia za kawaida bado ana njia ya kusukumwa. La otomatiki haliwaki kwa kusukumwa.

Naweza kupanda nayo ndege?

Ya lithiamu huenda kwenye mzigo wa mkononi, kamwe si kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Chini ya wati-saa 100 kwa kawaida hupita. Kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege. Zaidi ya hapo inabaki. Wati-saa ziwe zimeandikwa kwenye ganda lake na zisomeke, maana mkaguzi asipoziona anaweza kuizuia. Na uliulize shirika kabla ya siku ya safari, kwani baadhi huzikataa busta zenye vibanio hata zikiwa ndani ya kiwango.